Mtungi Ukisuguliwa Unasahau

Ukiingia Gongoni, mtaa wa zamani wa Tabora, ukauliza kwa Bi Mwanamkuu, watu wazima watakuelekeza kwa pua. Nyoosha moja kwa moja, watasema, ukisikia ubani umefika. Siku hizi si kweli, ubani haufukizwi pale tangu mwaka juzi, lakini watu wa Gongoni wakishazoea neno hawaliachi. Na mimi siwacheki. Kila nikishuka kwenye bodaboda katika kona ile navuta pumzi kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikifanya nikitoka shule, halafu nakumbuka ni nani aliyeiondoa harufu ile. Ni mimi.

Bi Mwanamkuu ni shangazi yangu, dada wa baba. Alinichukua nikiwa na miaka minne, akanilea, akaniozesha, akanipokea tena nilipoachika, yote hayo bila kupandisha sauti. Ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Kazi yake ni kudarizi kofia. Ukimwona kibarazani na kofia mapajani, sindano mdomoni, utadhani hakusikii. Kumbe anakusikia wewe na jirani wa nyumba ya tatu. Kofia zake zimevaliwa mpaka Kigoma, lakini jina lake halikujulikana kwa kofia. Lilijulikana kwa mtungi.

Mtungi huo ulikaa mlangoni, juu ya kigoda cha mninga, umefunikwa kawa ndogo ya ukili, na kata ya kifuu imelazwa juu yake. Mpita njia yeyote mwenye kiu alisimama, akafunua, akachota, akanywa, akafunika, akaenda zake. Walikunywa waliotoka stesheni na mizigo kichwani. Walikunywa Wasukuma wa Nzega waliokuja mjini kwa shida zao. Walikunywa hata wanafunzi wa seminari ya Kipalapala, waliokuja kutengeneza baiskeli kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na Shangazi aliwaambia maji hayaulizi dini.

Fundi mwenyewe ni Mathias, Mnyamwezi wa Usoke. Alikimbia kukausha tumbaku kwenye mabani ya baba yake akaja mjini kuziba pancha, na tangu nikiwa msichana kibanda chake kinatazamana na mlango wetu. Yeye na Shangazi walikuwa na utani usiokwisha, na chanzo chake ni huo huo mtungi. Hadithi ya kwetu ni kwamba babu wa babu, Mmanyema, alivuka Ziwa Tanganyika, akanunua mtungi Ujiji, akafuata njia ya misafara, akafika nao Tabora, miguu ikakataa, akabaki. Mathias aliikataa hadithi hiyo. Alisema babu yetu alitembea mikono mitupu akipunga upepo, mtungi aliubeba babu yake yeye. Shangazi akamjibu kwamba ndiyo maana una ufa shingoni, angekuwa mpagazi wa maana angeufikisha mzima. Jina la Mpagazi likamganda. Kila siku saa nne alivuka barabara, mikono imejaa grisi, akanywa kata mbili, akasema wabeja, asante ya kwao, akarudi kwenye pancha zake. Miaka ishirini na mitano.

Sasa niseme mtungi ulifikaje mlangoni, maana mwanzo ulikuwa ndani. Mwaka wa themanini na nne, kiangazi, bibi yangu, mama yake Shangazi, aliugua homa wiki tatu. Alikataa uji, akakataa chai, akakataa hata soda aliyoletewa kutoka Dar. Alichotaka ni maji ya mtungi tu. Shangazi alimwinua kichwa, akamnywesha kwa kata, asubuhi mpaka jioni, yeye mwenyewe, hakumwachia mtu. Bibi alifariki akiwa amemshika mkono. Siku ya arobaini Shangazi aliutoa mtungi ndani, akauweka mlangoni, akasema haya ni maji ya mama. Kila atakayekunywa, thawabu anapelekewa yeye. Na hivyo ndivyo alivyoishi: anahesabu mishono ya kofia, na kila kata ikigonga mdomo wa mtungi midomo yake inacheza, anamwombea mama yake.

Mtungi ulikuwa na sheria zake, alizoziacha Bibi. Kila Alhamisi ulimwagwa, ukasuuzwa kwa maji matupu, ukaanikwa. Kisha Shangazi aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani na chembe ya mastiki, akaufudikiza mtungi juu yake mpaka moshi ukaingia kila pembe. Ndipo ulipojazwa maji ya kisima chetu cha uani. Sabuni ilikuwa haramu. Brashi ilikuwa haramu. Ndani ulikuwa na utelezi mwembamba, laini kama ulimi wa ng'ombe, na sisi watoto tulipenda kuupapasa tukijua tutapigwa makofi. Shangazi aliuita ngozi ya mtungi. Bibi alimfundisha kwamba mtungi ukiusugua unasahau, maji yake yanakuwa maji ya mtu yeyote.

Nimekunywa maji ya chupa, ya hoteli, na sasa ya bomba yanayotoka mbali huko Ziwa Viktoria. Hakuna yaliyofikia yale. Yalikuwa baridi bila friji, na yaliingia puani kabla hayajafika kooni. Ukinywa ulisikia harusi, maulidi na mkono wa bibi yako vyote kwa pamoja. Nayakumbuka hivi hata leo, ninapojua yalikuwa na nini, na kwa hilo najikasirikia.

Maana mimi, Shamila, ni mtaalamu wa maabara ya maji. Nimesomea kuyatilia maji shaka. Nikialikwa harusini naangalia pipa kabla ya bibi harusi. Nimechota sampuli kwenye mabwawa na visima mpaka vijiji vya Igunga, nimewaambia watu wazima wenye mvi kwamba maji waliyoyanywa tangu kuzaliwa yana kinyesi, na wengine wamenifukuza kwa fimbo. Lakini kwetu sikuwahi kupima. Ungeniuliza kwa nini ningekushangaa. Kwetu kulinukia vizuri.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, kisima kimeshuka na vumbi limejaa hewani, watu wanne wa mtaa wetu walilazwa kwa taifodi. Wa nne alikuwa Mathias. Minong'ono ikaanza kuhusu visima vya uani. Niliposikia nilipandwa na hasira kama nimetukaniwa mama. Nikachukua chupa ya sampuli, nikaichemsha kwa hasira ile ile, nikateka maji ya kisima chetu, nikayapeleka maabara. Maji unayapitisha kwenye kichujio chembamba, kichujio unakilaza kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, sahani unaiweka kwenye kabati la joto. Bakteria hawaonekani kwa macho, lakini ukiwalisha siku moja wanazaana, kila mmoja anakuwa doa. Kesho yake nilifungua kabati. Sahani ilikuwa tupu, haina hata doa moja.

Nilikwenda nyumbani nikiimba. Shangazi aliposikia hakushangaa, alisema tu kwamba yeye alijua, ila serikali hupenda kupoteza muda. Jioni ile alisimama kibarazani akawaambia wapita njia kwamba Shamila amepima kwa mashine na maji ya Bi Mwanamkuu ni safi kuliko ya bomba. Watu wakanywa kwa wingi. Nikasimama pembeni yake, nimejawa na fahari, nikawagawia kwa mkono wangu.

Baada ya siku kumi nilikwenda kumwona Mathias hospitali, maana nilisikia badala ya kupona anarudi nyuma. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, tumbo linamuuma. Mkewe, Paskazia, alikaa kando ya kitanda na kapu lake. Nilimuuliza anakula nini. Akasema hali kitu, anakunywa tu, na kwa shukrani akaniambia kwamba Shangazi yangu ni mtu wa watu: kila siku anamjazia chupa maji ya mtungi amletee mgonjwa, kwa sababu Mathias amekataa mengine yote. Kisha akaifungua chupa ili amnyweshe.

Ubani ukajaa chumba kizima. Mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. Na mimi niliyesoma miaka mitatu, niliyewahukumu wazee wa Igunga, nikasimama pale nikaona nilichokifanya. Nilipima kisima. Hakuna aliyekuwa akinywa kisima. Watu walikuwa wakinywa mtungi, na mtungi sikuugusa, kwa sababu pua yangu tangu utoto ilishafundishwa kwamba kinachonukia ubani ni safi. Nikaishika ile chupa mkononi mwa Paskazia. Nikamwambia naiazima. Nadhani nilimnyang'anya.

Safari hii sahani ilijaa madoa mpaka hayahesabiki. Kipimo changu hakitaji taifodi kwa jina; kinachosema ni kwamba kinyesi kimefika kwenye maji haya, na kikifika hicho taifodi haiko mbali. Kimefikaje? Vidole vyenye uchafu vinashika kata, kata inazama. Mmoja tu mwenye ugonjwa, hata asiyejijua, anatosha. Na vijidudu vikizama vinakuta makao mazuri: ule utelezi. Ngozi ya mtungi ilikuwa bakteria wenyewe, wameshikana ukutani tabaka juu ya tabaka, wamejificha ndani ya ute wao, na kila mgeni anayekuja anapata pa kujishikiza. Maji ya kusuuzia yaliwapita juu. Moshi wa ubani uliwapita vile vile. Nilikumbuka kwamba kila mwaka, kisima kikishuka, nyumbani kwetu tuliugua. Tuliita homa ya kiangazi, tukaizungumza kama mgeni wa kila mwaka ambaye lazima umtandikie.

Nilimkuta Shangazi kibarazani. Nilimwamkia, akaitikia, nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani na yote yakanipotea. Nikasema mtungi una vijidudu na ndio unaowaletea watu ugonjwa.

"Si ulisema kisima ni safi?"

"Kisima ni safi, Shangazi. Mtungi ndio mchafu."

Akauliza kama ubani hauui. Nikamwambia ubani unafunika harufu tu. Akachomeka sindano kwenye kofia, akaikunja, akaiweka kando, akautazama mtungi. Nilidhani atanitukana. Nilitamani anitukane.

"Shamila," akasema, "mama yangu nilikuwa nampa nini?"

Wiki tatu za homa, kiangazi, tumbo, mgonjwa anayekataa kila kitu isipokuwa maji yale yale. Nilikuwa nimeshafikiri hilo tangu hospitali, nikaomba Mungu yeye asilifikirie. Ningeweza kusema uongo. Mpaka leo kuna siku najilaumu kwamba sikusema.

"Sijui, Shangazi. Maji ya wakati ule siwezi kuyapima."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akainuka, akaumwaga mtungi kwenye mchanga, akauvuta mpaka uani, akausugua. Alisugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa maji yanayochemka, kwa dawa niliyomletea, mkono wote mpaka begani umeingia ndani, na hakukubali nimsaidie. Ulipokauka nilitumbukiza uso ndani yake. Ulinuka udongo, basi. Mtungi wowote wa sokoni ungenuka hivyo.

"Umesahau," Shangazi akasema, akaupeleka chumbani kwake.

Nilinunua ndoo ya plastiki yenye koki chini, ambayo mtu hachovyi chochote ndani. Nikaijaza maji yaliyochemshwa na kutiwa dawa, nikaiweka juu ya kigoda cha mninga. Siku ya pili nikaikuta stoo, imefunikwa gunia. Shangazi alisema hatampa mtu maji tena maishani mwake. Wapita njia walikuja, wakakiona kigoda kitupu, wakasimama kidogo kama watu waliosahau walichofuata, wakaondoka. Yeye aliinamisha kichwa kwenye kofia asiwaone.

Maalim Yahaya wa msikiti wetu alikuja kumtuliza. Alimweleza vizuri kwamba kila jambo hulipwa kwa nia yake, na nia yake ilikuwa njema. Shangazi alimshukuru, akamwandalia kahawa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi akaniambia, "Nia yangu haikulazwa hospitali. Aliyelazwa ni Mathias."

Basi akataka radhi ya Mathias. Tulikwenda hospitali pamoja, yeye amevaa baibui lake la Idi. Dawa zilikuwa zimeanza kumkaa Mathias vizuri, ameketi, ingawa shingo ilikuwa nyembamba. Shangazi alimwambia yote bila kujitetea, kwamba maji yaliyomwangusha ni yake, na aliyemjazia chupa za hospitali ni yeye, na anaomba amsamehe. Mathias alicheka mpaka akakohoa. Alisema hajawahi kusikia mtu akiombwa msamaha kwa maji. Shangazi hakucheka. Alimwambia aseme tu neno.

"Hapa sisemi, mama," Mathias akasema. "Nitasema siku utakaponipa maji tena, pale pale mlangoni."

Njia nzima ya kurudi Shangazi alikuwa amefura. Alisema Wanyamwezi wana vichwa vigumu, ndiyo maana waliweza kubebea mizigo ya watu. Lakini usiku ule na siku zilizofuata niliona hapati raha. Mara mbili nilimkuta chumbani ameinamia mtungi, uso wake umezama ndani mpaka mtandio unagusa mdomo wa mtungi, anavuta pumzi. Nilirudi nyuma taratibu. Nami nilishafanya hivyo hivyo asipokuwepo.

Mvua za kwanza zilikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, na Mathias akaja nazo. Ilikuwa Jumamosi, niko nyumbani. Tulimwona anafungua kibanda chake, anatazama vumbi lililokalia vyuma vyake, anakifunga tena. Akavuka barabara kwa mwendo wa mtu anayezipima nguvu zake, akaketi kwenye ngazi yetu. Akaamkia, Shangazi akaitikia. Wakaulizana habari za mvua, za Paskazia, za Usoke. Kisha akasema, "Mama, naomba maji."

Shangazi akamwambia kwake si mbali, aende mkewe atampa.

"Kwangu yapo. Naomba ya kwako."

Sindano ikaingia kwenye kofia, ikatoka, ikaingia, ikamchoma kidole. Aliinuka. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa jicho. Akaitoa ndoo stoo, akaiosha, akamimina maji yake ya kunywa aliyoyachemsha asubuhi, akatia dawa kwa kipimo nilichomwonyesha, akaiweka juu ya kigoda. Mathias akanyoosha mkono. Ikabidi niseme kwamba dawa inataka nusu saa.

Tukakaa nusu saa. Shangazi aliosha kikombe kwa sabuni, akakisuuza, akakiosha tena. Niliogopa kwamba muda ukifika atashindwa. Nilimwona anautazama mlango, kama mtu anayetaka kuingia ndani na kujifungia.

Muda ulipofika nilimwashiria kwa kichwa kwamba tayari. Akafungua koki, akajaza, akampa kwa mikono miwili. Mathias alinusa, akakunja uso.

"Yananuka hospitali."

"Kunywa," Shangazi akasema.

Akanywa yote, bila kupumzika, mpaka kikombe kikaelekea juu. Akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Wabeja, mama. Nimekusamehe."

Shangazi alikuwa bado ameinyoosha mikono kupokea kikombe.

"Sema tena," akamwambia.

Mathias alidhani hakusikia. Akainua sauti, akalitamka neno moja moja, kama unavyosema na kiziwi, "Nimekusamehe, mama." Nilitazama chini. Ya kwanza ilikuwa yake Mathias. Ya pili nilijua Shangazi anaipokea kutoka kwa yule aliyemnywesha kwa kata wiki tatu. Alilia bila kujificha, akajifuta kwa kofia ya watu aliyokuwa akiidarizi. Kisha akakiosha kikombe, akakifudikiza juu ya ndoo, akarudi kwenye mkeka wake.

Alasiri ile mama mmoja kutoka stesheni alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, akauliza kama maji ni ya kunywa. Shangazi alisema ndiyo. Koki ikafunguliwa, na nikaiona midomo ya Shangazi inacheza.